Mshono wa Kushoto

Mvua ilikuwa imeshika tangu asubuhi, ile rasharasha isiyokoma wala isiyokusudia kunyesha kweli, na Fundi alikuwa ameinama mbele ya cherehani akishona zipu ambayo ameshaifumua mara mbili. Mtu mwenye mawazo asishike zipu. Zipu inataka akili iliyotulia, na akili ya Fundi tangu Jumamosi ilikuwa kwenye simu, iliyolazwa kifudifudi pale mezani kando ya mkasi. Kila ilipotikisika aliigeuza upesi, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine.

Mpima, mchumba wake, hakuwa amepiga. Huyu ni mwanamume ambaye hata akiwa maporini na vyombo vyake vya kupimia ardhi, alikuwa tayari kupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ili tu aulize, "Umekula?" Sasa alikuwa mjini, umbali wa mwendo wa miguu, na kimya. Fundi alijipa kila sababu ambayo mwanamke anayependa hujipa. Harusi ya binamu yake imemchosha. Simu imezima. Amelala. Lakini mtu halali siku zote hizo.

Walikutana mwaka juzi, alipoleta koti lake la kazi lililochanika mgongoni. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaitazama futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni mwa Fundi, akasema, "Kumbe tuko kazi moja. Mimi napima mashamba, wewe unapima watu."

"Afadhali yako," Fundi alimjibu. "Shamba halivuti tumbo ndani likipimwa."

Alicheka hadi koti likamponyoka mikononi. Kuanzia siku hiyo nguo zake zilianza kuchanika mara kwa mara, tena mahali ambapo nguo ya mtu mzima haichaniki bila msaada. Penzi liliingia hivyo, kwa vifungo na mifuko, na lilipokomaa Mpima akamvisha Fundi pete.

Kwa hiyo alipomwona mlangoni na mwavuli wake, moyo ulimruka kabla hajamtazama usoni. Alipomtazama, ulitua.

"Karibu," alisema. "Umelowa. Kaa."

"Sikai."

Mpima aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya kukatia. Ndani yake mlikuwa na gauni la bluu iliyokolea, lenye majani madogo meupe, limefinyangwafinyangwa kama tambara la jikoni. Mpima alikuwa mtu wa kukunja hata soksi. Fundi aliliona gauni, akaiona namna lilivyofinyangwa.

"Mama kasema nikurudishie."

"Limembana?"

"Halijambana."

"Bega limepanda basi. Nilimwambia zile shanga zikisogea lazima bega lipande. Ni kazi ndogo, nitaufungua mfuko wa kushoto, nita..."

"Fundi." Sauti yake ilikuwa ya chini, imechoka. "Fungua ile video."

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hilo tuliseme kabla lawama hazijaanza. Mama yake Mpima, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa amekatwa ziwa la kushoto kwa ajili ya uvimbe mbaya. Alilifanya jambo hilo kwa siri, katika hospitali ya mbali, akiaga kwamba anakwenda kumtembelea mwanawe kazini. Akapona. Lakini kila nguo aliyovaa ilimsaliti, upande mmoja umejaa na mwingine umelegea, akaacha kutoka. Mazishi hakwenda, harusi hakwenda, wageni aliwapokea akiwa amejifunga shali hata wakati wa jua kali. Ndipo Mpima alipomwomba ruhusa ya kumwambia mtu mmoja tu.

Fundi alikata gauni lenye mfuko wa siri ndani ya kifua. Katika mfuko huo alitia kifuko cha pamba, na ndani ya pamba shanga ndogondogo za kioo ili kiwe na uzito, maana pamba tupu ni nyepesi na bega hupanda. Alikwenda kuazima mizani ya muuza mboga, akapima shanga kidogo kidogo, akaongeza, akapunguza, mpaka muuza mboga akamuuliza kama anafungua duka la dhahabu.

Usiku wa kuamkia siku ya kulikabidhi, akaligeuza gauni ndani-nje, akalipiga video na kuiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni.

"Umeiona?" Kwa sekunde chache Fundi alifurahi, Mungu amsamehe. "Nilitaka uione mwenyewe bila kuambiwa."

"Nisomee ulichoandika."

Akaisoma, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyosoma. "Hili ni la mama mkwe wangu mtarajiwa. Maradhi yamechukua ziwa moja, hayakuchukua uzuri wake. Wapendeni wakwe zenu kama mama zenu."

"Sasa soma walichoandika watu."

"Mkwe bora... Mungu akulipe... Mwanaume ameokota almasi..."

"Shuka chini."

Fundi alikuwa amesoma ya juu tu, yale ya sifa. Akateremsha kwa kidole.

"Hicho kitambaa si cha yule mwalimu mkuu mstaafu? Alikuja nacho kwa dada yake kumwonyesha." Chini yake mwingine: "Ndiyo chenyewe. Na si ndiye aliyepotea mwaka mzima?" Mwingine: "Maskini, kumbe." Na mwingine, aliyetia vijiuso vya kulia: "Ni ziwa la kulia au la kushoto?" Akajibiwa: "Tazama mfuko uko wapi."

"Sikumtaja jina," alisema. "Wala sikuonyesha uso. Mpima, sikuonyesha hata kidole chake."

"Ulionyesha kitambaa."

Hapo ndipo palipomuumiza Fundi kuliko popote. Yeye ndiye aliyezoea kuwaambia wateja kwamba mtu hutambuliwa kwa nguo yake kutoka mwisho wa barabara, kabla uso haujafika. Yeye, kati ya watu wote, akadhani akificha uso amemficha mtu. Na kitambaa chenyewe Mwalimu alikuwa amekitembeza kwa dada zake kwa mkono wake, akijigamba kidogo, akiwaambia, safari hii harusini nakuja.

"Alipoingia ukumbini," Mpima alisema, akilitazama gauni badala ya kumtazama yeye, "hakuna aliyemwangalia usoni. Macho yote hapa." Akagusa kifua chake upande wa kushoto. "Nikadhani labda amemwagikiwa na kitu. Shangazi akaja akamkumbatia. Shangazi unamjua, hakumbatii mtu. Akambonyeza kwanza, hapa, kama mtu anayechagua parachichi."

"Basi, Mpima."

"Mama alikaa. Nilimwambia twende, akakataa. Alikaa wima mpaka keki ikakatwa, hata kiti hakukiegemea. Tulipofika nyumbani akaniuliza kitu kimoja tu. Nani mwingine alijua? Nikamwambia, mimi, wewe, daktari na Fundi. Akasema, basi si daktari."

Fundi alibonyeza, akafuta. Video ikatoweka mbele ya macho yake kama haikuwahi kuwapo. "Nimeifuta."

"Iko kwenye simu ya Shangazi. Iko kwenye kundi la ukoo. Jana imenirudia kutoka kwa mtu ninayefanya naye kazi, hajui hata ni mama yangu. Kaniandikia, ona upendo huu." Alicheka cheko fupi lisilo na furaha. "Ona upendo huu."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliweka kwa sababu nampenda."

"Mimi nilijua unampenda. Mama alijua. Hao wengine ulitaka wajue ili iweje?"

Jibu lilikuwepo, na Fundi alilijua, na lilikuwa dogo mno kulitamka. Alitaka kusifiwa. Basi. Alikuwa amefanya jambo jema gizani na akashindwa kuvumilia giza lake.

"Wewe," Mpima alisema, na sasa sauti ilianza kumkatika, "si ndiye uliyegombana na yule shoga wa bibi harusi aliyetaka kujua kiuno cha mwenzake? Mbele yangu, nimekaa kiti hiki. Ulimwambiaje?"

Fundi alikuwa amefundishwa kazi na mama yake mdogo, mwanamke mkali aliyekuwa akisoma futi kwa kunong'ona hata wakiwa peke yao chumbani. Namba haikutamkwa kwa sauti. Mteja mwenyewe akiitaka, ananong'onezwa. Fundi aliishika kanuni hiyo miaka yote.

"Nilimwambia kipimo cha mtu hakitoki dukani," alijibu.

"Basi cha mama yangu kimetoka."

Nje mvua iliendelea na uvivu wake. Kupitia ukuta wa mbao siku zote ilisikika sauti ya jirani, msusi ambaye jina lake la kweli lilishasahaulika. Watu walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Sasa alikuwa amenyamaza. Redio akinyamaza ujue anasikiliza, ingawa sauti zao za chini zilimnyima maneno.

"Nipeleke kwake," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Hajakuita."

"Najua. Nipeleke."

*

Sebule ya Mwalimu ilikuwa na picha za madarasa ukutani, watoto waliopangwa kwa urefu, na yeye kila picha amesimama pembeni, mgongo umenyooka. Alikuwa amekaa chini ya picha hizo, amejifunga shali kwa kukingamisha kifuani. Shangazi alikuwa kwenye kochi la pili na kikombe cha chai, amekaa kama mtu aliyehamia.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Mwalimu alijibu.

Shangazi hakuitikia. "Karibu, mwana wa mtandao. Simu umeiacha wapi? Maana nisije nikakohoa nikajiona kesho."

"Shangazi," Mpima alisema.

"Niache niseme. Kaka yangu angekuwa hai angesema yeye. Mke ni sitara ya nyumba. Huyu nyumba yake haina mlango, haina hata pazia. Leo kifua cha mama mkwe, kesho kitanda cha mume. Utamwoa ukalale naye na hao wafuasi wake wote?" Akamgeukia Mwalimu. "Na wewe wifi, lawama unayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungetuambia tungekuuguza."

"Sikuficha maradhi, wifi," Mwalimu alisema taratibu. "Nilijificha na macho ya watu. Yale yale uliyonitazama nayo Jumamosi." Akaweka mikono mapajani. "Naomba mtuache kidogo. Mimi na yeye."

Shangazi aliondoka na kikombe chake, na Mpima akatoka nyuma yake, lakini Fundi alisikia hatua zake zikiishia koridoni.

Fundi alipiga magoti.

"Inuka, mwanangu. Sakafu ina baridi."

"Niache hapa hapa, Mama."

Mwalimu alimtazama. Yalikuwa macho ya mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyekuwa akimtegemea afaulu. Hayakuwa na ukali, na hilo lilimtesa Fundi zaidi.

"Siku ile ulipokuja kunipima," Mwalimu alisema, "ulifunga mlango. Ukavuta pazia. Nilipoanza kuvua ukanigeuzia mgongo, na sikukuambia ugeuke. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Tangu nitoke hospitali nilikuwa sijajitazama. Kioo cha chumbani nilikifunika kanga. Siku ile wewe ukakifunua ili uone bega, na mimi nikajiona. Nikajiona mzima mzima, pamoja na kovu, na sikufa. Nikasema moyoni, mwanangu amepata mtu, na mimi nimepata binti." Akaivuta shali. "Kwa hiyo usifikiri ni Shangazi yenu aliyeniumiza. Shangazi yenu namjua miaka arobaini. Yeye ndivyo alivyo. Kwako wewe sikuwa nimejikinga."

Fundi alilia kimyakimya, machozi yakianguka juu ya mikono yake mwenyewe. "Nitaomba radhi, Mama. Nitaandika pale pale nilipoandika, watu wote wasome, nitasema nilikosea, sikuwa na ruhusa..."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti ya Mwalimu ilipanda. "Ukiniomba radhi huko, utakuwa umenitaja tena. Watakaokuwa hawajui watauliza, na wanaojua watawajibu. Kama unataka radhi, niombe hapa. Tuko wawili, inatosha."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe."

Alilisema bila kusita, na Fundi akajua ni kweli. Akashusha pumzi. Lakini Mwalimu alikuwa hajamaliza.

"Nimekusamehe, lakini sitaweza tena kuvua nguo mbele yako. Nataka ulijue hilo. Usiku nimelala nikijaribu kuona tukikaa nyumba moja. Mimi nazeeka, na haya maradhi hurudi yakitaka. Siku moja nitaogeshwa, na wa kuniogesha ni mke wa mwanangu, sina binti. Nikajaribu kukuona wewe na beseni la maji. Moyo umekubali. Mwili umekataa. Nifanyeje?"

Fundi alitamani Mwalimu amtukane, ampige hata kofi, kitu ambacho kingeuma na kupoa.

"Sijamwambia mwanangu akuache," Mwalimu aliongeza. "Wala sitamwambia. Ila amenisikia sasa hivi, maana yuko hapo mlangoni, anadhani bado ana miaka saba."

*

Walisimama kwenye lango chini ya mwavuli mmoja, kwa mazoea tu. Mpima aliushika, na kama siku zote aliuegemeza upande wa Fundi, yeye bega lake likilowa.

"Nina mama mmoja," alisema.

"Sikuulizi uchague."

"Najua hukuulizi. Ungeniuliza ningekasirika, ingekuwa rahisi." Alitazama barabara iliyojaa matope. "Nakupenda. Jumamosi usiku nilitafuta mahali ambapo nimeacha kukupenda, nikapakosa. Lakini nikifikiria nakuoa, namwona Mama anajifungia mlango wa chumba chake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu mke wangu amerudi kutoka kazini."

"Nitabadilika."

"Umeshabadilika. Nakuona. Yeye ndiye hawezi kurudi alikokuwa."

Fundi aliishika pete. Ilikaza kwenye kiungo, ikagoma. Mpima aliipima kwa hila wakati ule, kwa uzi aliouiba kwenye cherehani na kumzungushia kidoleni akidai anamfundisha mchezo, na mpima ardhi hakosei vipimo. Fundi akaivuta mpaka ngozi ikawa nyekundu, ikatoka.

"Kaa nayo," Mpima alisema. "Sijaiomba."

"Nikikaa nayo watu wataniuliza tarehe."

Akaiweka katika kiganja cha Mpima, akamkunja vidole kimoja kimoja juu ya pete. Kisha akatoka chini ya mwavuli, akaenda. Hakukimbia, ingawa mvua ilikuwa imezidi. Alijua anatazamwa na hakutaka aonekane anakimbia.

Usiku huo aliandika. Aliandika kurasa na kurasa, maneno yakimtoka kama maji, kwa kuwa ndivyo alivyozoea: huzuni yake, furaha yake, chapati iliyoungua, pete siku ya pete, Mpima amelala kinywa wazi, vyote vilikwenda mtandaoni na huko vilipokelewa. Watu wasiomjua wangempa pole hadi asubuhi. Kidole kilikaa juu ya kitufe. Akasoma alichoandika tangu mwanzo, akitafuta sentensi moja isiyomgusa Mwalimu. Hakuiona. Kila alipojieleza yeye, alimvua mtu mwingine. Akafuta yote, akalala na nguo zake.

Wafuasi walianza kuuliza siku hiyo hiyo pete ilipokosekana kwenye picha ya mikono yake ikishona. Harusi lini? Shemeji yuko wapi? Mbona kimya? Hakujibu. Redio, ambaye hakuhitaji mtandao, aliingia dukani na kitana mkononi.

"Shoga, nasikia mengi. Kwani imekuwaje?"

"Tumeachana."

"Kisa?"

"Kosa langu."

"Kosa gani?" Redio alisogea. "Kuna mwanaume mwingine?"

Fundi alitunga uzi kwenye sindano. Neno moja lingetosha kujisafisha. Redio asingehitaji hata maelezo, angeunganisha mwenyewe, video na harusi na Mwalimu, na ifikapo jioni mtaa wote ungekuwa unakihesabu tena kifua cha yule mama.

"Kosa langu tu," alisema.

Redio akaenda kueleza alivyoelewa. Wiki ilipoisha Fundi alikuwa amefumaniwa. Alifumaniwa na muuza vitambaa, kwa mujibu wa wengine na dereva wake. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake, akisema mama yake hataki gauni la ndoa lishonwe na mkono usio na bahati. Fundi alimkunjia kitambaa vizuri, akamfungia na uzi.

*

Mpima alikuja siku ambayo mawingu yalikuwa yametanda lakini mvua imegoma. Amekonda. Fundi alimwona amekonda na mikono yake ikajua ni sentimita ngapi, na hakusema.

"Mama ameuliza kama lile gauni bado lipo."

"Lipo. Lakini lile asilivae tena." Aliingia nyuma ya pazia, akatoka na mfuko wa karatasi uliofungwa. "Nimemshonea lingine. Kahawia, halina maua, kitambaa chake kiko kila duka. Mfuko uko ndani, shanga ni zile zile. Sikuhitaji kumpima upya. Mwambie hakuna aliyeliona, hata mimi nimelishona pazia limefungwa."

Mpima aliupokea kwa mikono miwili. Vidole vyao havikugusana. Kila mmoja alihakikisha.

"Mtaani wanasema ulifumaniwa," alisema.

"Nimesikia."

"Na muuza vitambaa. Yule mzee ana wajukuu."

"Nimesikia na la dereva pia."

Alitaka kucheka, Fundi aliliona cheko likija na kuishia njiani. "Wanakuchafua, na mimi nanyamaza, na wewe unanyamaza. Kwa nini huwaambii ukweli?"

"Ukweli si wangu," Fundi alisema. "Ni wa Mama."

Mpima alisimama na mfuko kifuani. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani, siku za vifungo vilivyokatika, na macho yakamjaa. Fundi alisubiri. Alijikataza kusubiri na bado akasubiri. Mlango wa mbao wa jirani ulilia kidogo, ukabaki wazi kiasi cha sikio.

"Bado nakupenda," Mpima alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayesoma futi. "Na haisaidii kitu."

"Najua. Mpe salamu."

Akaondoka. Fundi alimfuata kwa macho mpaka pale barabara inapokata kona, koti lake la kazi mgongoni, na mshono wa kwanza kabisa aliomshonea ukiwa bado umeshika.

Redio hakukawia. "Kumbe amekuja! Amefuata nini? Na ule mfuko una nini?"

"Nguo."

"Ya nani?"

Fundi alivuta kiti, akaketi mbele ya cherehani, akaishika zipu.

"Ya mteja," alisema, na mguu wake ukakanyaga.